Kitabu cha "mtoto mchawi": wazazi wana pointi kuliko tunavyodhani

Msimu wa korosho uliopita mama mmoja jirani alikuja barazani kwangu hapa Magomeni, Mtwara mjini, kaleta kitabu kakiviringisha kwenye kipande cha kanga, hataki hata kukigusa vizuri. "Mwalimu, shika kitabu chako. Mtoto kaniambia ni cha mchawi." Kilikuwa Harry Potter cha kwanza, kile cha 1997, nilimwazima mwanae wa darasa la sita. Nikacheka, na jioni nikawasimulia wenzangu nao wakacheka, oh wazazi wetu bado wamelala, sijui nini. Siku hizi sicheki tena.

Nianze na upande wangu maana mimi bado naazimisha hivi vitabu. Mtoto wa miaka 9 mpaka 13 hasomi kwa sababu umemwambia elimu ni ufunguo wa maisha, anasoma kwa sababu ukuta umefunguka kwenye stori na anataka kujua kuna nani huko ndani. Mpe vile vitabu ambavyo ukurasa wa mwisho mtoto mtiifu anapewa baiskeli, atamaliza kwa heshima tu halafu anarudi kwenye katuni. Na akifika form one masomo yanageuka Kiingereza, huyo aliyezoea kitabu kinene ana unafuu. Haya mnayajua.

Sasa yule mama. Hivi mmewahi kujiuliza sisi tunaopendekeza tunavitambulishaje hivi vitabu? Wazungu yule wa fimbo na kofia ndefu wana jina lake, bibi wa kwenye ufagio ana lake, wa mazingaombwe ya kwenye sherehe ana lake. Sisi tukivuka nao kuja Kiswahili tunawamwaga wote kwenye kapu moja: mchawi. Na mchawi kwa Kiswahili hana upande mzuri bana. Wa dawa ni mganga, jini ni jini, zimwi ni zimwi, mchawi ni yule anayekuroga usiku na asubuhi anakusalimia. Mimi nimekulia kwenye hadithi hadithi, hadithi njoo, shujaa nimemwona akisaidiwa na paa anayeongea, na pete, na jini, ila shujaa anayeitwa mchawi sikumkuta. Kwa hiyo ukimwambia mzazi mwanao anasoma kitabu cha mtoto mchawi aliyepelekwa shule ya uchawi, unategemea akupe mkono? Hata wewe ungekiviringisha kwenye kanga.

Halafu hilo neno lina damu. Nchi hii ina sheria ya uchawi tangu 1928, na kule kanda ya ziwa bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo yamekuwa mekundu kwa kupikia kuni miaka na miaka. Hili linanikaa kichwani kuliko yote. Chukua riwaya za watoto za Ulaya uangalie mbaya ni nani, mara nyingi ni kibibi, kanakaa peke yake, pua ndefu, paka pembeni. Mtoto wa London anafunga kitabu anaenda kulala, yeye bibi yake yuko kwenye sofa na hakuna mtu atakayemsogelea kwa hiyo stori. Mtoto wa Tandahimba au Nachingwea anafunga kitabu anatoka nje, bibi yule pale nyumba ya tatu, mjane, watoto wote wako Dar, macho yamemwiva kwa sababu kutwa amekaa kwenye moshi wa korosho anabangua. Sisemi riwaya itaua mtu. Nasema picha ile ya kibibi haimkuti mtoto mtupu, inamkuta ameshasikia minong'ono kisimani, na kitabu hakikuandikwa kwa kumfikiria yeye.

Na tusijione sisi tu ndio waoga, Marekani kwenyewe chama chao cha maktaba kilipoorodhesha vitabu vilivyolalamikiwa zaidi kati ya 2000 na 2009, Harry Potter ndiye aliyeongoza.

Kuna jamaa ananiambia mbona Wamakonde wenyewe tuna maajabu, mtu wa kwanza si alichonga mti, akauacha usiku, asubuhi akakuta ni mwanamke mzima? Kweli. Na mapiko, wale wacheza ngoma wanaovaa vinyago, je? Lipiko likitoka, mtoto anakimbilia kwa mama yake roho mkononi. Ila yule mtoto siku yake ikifika anapelekwa jandoni anaelezwa kilichomo nyuma ya kile kinyago (zaidi ya hapo siandiki, waliopita wanajua). Yaani hofu ile ina wenyewe, wakubwa waliiwasha na wakubwa wanaizima. Mimi yule wa darasa la sita nilimpa kitabu nikaendelea na mambo yangu.

Kwa hiyo nimebadilisha ninavyopendekeza. Wa chini ya miaka 11 nawaanzishia Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952: ndugu wawili wa Adili wamegeuzwa manyani na jini Huria, na Adili ameamriwa awachape kila usiku, anawachapa huku analia. Lugha yake ngumu, kwa hiyo nawasomea mwenyewe barazani, na hakuna mzazi aliyekirudisha. Yule mama naye anasogeza kigoda.

Kinachonishinda ni Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya 2011. Sunny ana miaka 12, yuko Nigeria, ana ualbino, na kwenye ulimwengu ule kasoro ya mtu ndipo nguvu zake zinapotokea. Cha kuangalia, Nigeria hukohuko kilichapishwa kwa jina lingine, What Sunny Saw in the Flames, neno la mchawi halipo jaladani. Kitabu kitamu sana. Lakini hapa kwetu watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu hiyohiyo, kwamba eti miili yao ina nguvu, inaleta utajiri, sasa mtoto akisoma atashika lipi, ushujaa wa Sunny au zile nguvu? Mtaani kwetu kuna binti wa darasa la saba, anapita na kofia yake pana kila mchana. Kitabu kiko kabatini, na mpaka leo sijaamua nikimpe yeye kwanza au wale anaokaa nao dawati moja.