Dawa ipo, ubaguzi uko kwenye njia ya kuifikia

Marekani ina dawa mbili kuu zilizothibitika kutibu uraibu wa heroini na fentanili, dawa ya kulevya kali kuliko heroini: methadoni na buprenofini. Zote hutuliza arosto, zote huokoa maisha. Kinachoniuma ni kwamba kwa miaka mingi mtu mweusi au Mlatino (mwenye asili ya Amerika ya Kilatini) wa mtaa maskini ameelekezwa kwenye ya kwanza, na mzungu mwenye uwezo akapewa ya pili. Si ugonjwa uliowatenganisha, ni sheria na pesa.

Tangu miaka ya 1970 methadoni hutolewa kwenye kliniki maalumu zenye leseni. Mgonjwa hupanga foleni alfajiri, humeza dozi mbele ya muuguzi, hupimwa mkojo, na kesho hurudi tena. Mwenye kibarua cha asubuhi au mtoto mchanga afanyeje? Buprenofini ilipoidhinishwa mwaka 2002, daktari aliyepata kibali aliweza kuiandika ofisini kwake, mgonjwa akaichukua famasi na kwenda nayo nyumbani. Wengi wa waliofaidika walikuwa wazungu, wenye bima au fedha taslimu. Kibali hicho kilifutwa mwishoni mwa 2022, na nililifurahia hilo, ila kufuta kibali hakumleti daktari kwenye mtaa usio na daktari.

Kati ya 2019 na 2020, kiwango cha vifo vya kuzidisha dozi ya dawa za kulevya kilipanda kwa asilimia 44 miongoni mwa watu weusi, na asilimia 39 miongoni mwa wenyeji asilia wa nchi hiyo. Katika watu weusi waliokufa, hata mmoja kati ya kumi hakufika aliyekuwa na kumbukumbu ya kuwahi kutibiwa uraibu. Nasoma takwimu hiyo na hasira inanipanda, maana hao hawakushindwa na tiba. Tiba haikuwafikia.

Halafu kuna maambukizi. Sindano inayopitishwa mkono kwa mkono hubeba VVU na homa ya ini aina ya C. Methadoni peke yake hupunguza hatari ya kuambukizwa VVU kwa takriban nusu, kwa sababu anayetulia hajidungi mara kwa mara. Homa ya ini C nayo huponywa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na zaidi ya asilimia 95 hupona. Sasa mtu anayefika kliniki kila siku, kwa nini apewe barua ya rufaa kwenda hospitali ya ng'ambo ya mji kupimwa na kutibiwa? Wengi hawafiki huko. Taifa la Cherokee, la wenyeji asilia wa Marekani, lilianzisha mwaka 2015 mpango wa kutokomeza homa hiyo kwa kupima watu wake katika vituo vyake lenyewe, na likawafundisha wahudumu wa kawaida kutibu homa hiyo bila kumngoja bingwa. Jamii iliyoachwa nyuma ilishika usukani wa huduma yake, na watu wakapona.

Wapo viongozi weusi waliopinga ugawaji wa sindano safi kwa wanaojidunga miaka ya 1980, wakihofu kwamba serikali inawapa vijana wao sumu badala ya matibabu. Siwalaumu. Ni serikali ile ile ambayo mwaka 1986 ilitunga sheria ya kuadhibu gramu moja ya kokeini ya kreki, ile ya kuvuta ambayo kesi zake ziliwaangukia zaidi watu weusi, sawa na gramu 100 za kokeini ya unga. Imani iliyovunjwa hivyo hairudishwi kwa mabango. Inahitaji wahudumu wanaotoka mtaa huo huo, pamoja na watu waliowahi kuutumikia uraibu wenyewe. Hata hivyo, hadi leo fedha za serikali kuu haziruhusiwi kununua sindano safi, na hilo silikubali hata kidogo.

Kanuni za 2024 zinaruhusu mgonjwa aliyetulia, baada ya mwezi mmoja wa tiba, kuchukua methadoni ya hadi siku 28. Uamuzi lakini umebaki kwa kliniki, na kliniki nyingine bado zinashikilia foleni. Uingereza, Kanada na Australia huitoa kwenye famasi ya mtaani. Bunge la Marekani liruhusu hivyo pia, na kwenye kaunta hiyo hiyo kuwe na sindano safi, kipimo cha VVU na cha homa ya ini, bila kumtaka mtu aonyeshe kwanza kwamba ameacha dawa za kulevya.