Kabla ya kuongeza thredi, pima

Mtu akiniuliza aanzie wapi kujifunza programu sambamba, yaani zinazofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, simpeleki kwenye thredi (mikondo ya kazi inayoenda pamoja ndani ya programu) wala kufuli (zinazozuia thredi mbili kugusa data moja kwa wakati mmoja). Nampeleka kwenye vifaa vya kupimia.

Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl aliiweka wazi hesabu yenyewe mwaka 1967. Kama asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, prosesa yenye viini 8 (sehemu zinazofanya hesabu kila moja kivyake) haikufikishi hata mara 5 ya kasi ya mwanzo, na ukileta viini elfu moja bado hutavuka mara 10. Kwa hiyo kwanza ujue muda unaliwa wapi. Kwenye Linux, kifaa cha kupimia kiitwacho perf kitakutajia fanksheni inayoula.

Kugawa kazi kwenyewe siku hizi si mtihani mkubwa. Ukiwa na OpenMP, seti ya maagizo ya kugawa kazi, unaweka #pragma omp parallel for juu ya kitanzi (msimbo unaojirudia) cha lugha ya C, kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, inamalizia. Kwenye lugha ya Rust, maktaba ya Rayon inakutaka ubadilishe iter (kupitia vitu kimoja kimoja) kuwa par_iter (kuvipitia sambamba), basi. Thredi iliyomaliza fungu lake inachukua kazi iliyobaki kwa nyingine. Mimi naipenda Rayon kupita zote, kwa sababu kompaila ya Rust inakukatalia mapema pale thredi mbili zinapotaka kuandika mahali pamoja bila ulinzi.

Ila kuna tatizo ambalo hata kompaila hiyo hailioni. Chukua programu ya C inayohesabu maneno kwenye rundo la mafaili. Ina thredi 8, kila moja na kihesabio chake cha baiti 8, vyote vimepangwa kwenye arei moja, yaani safu ya data zinazofuatana kwenye memori. Hakuna thredi inayogusa kihesabio cha nyingine. Ukiipitisha kwenye ThreadSanitizer, kifaa cha kusaka makosa ya thredi, kinakaa kimya, na ni haki yake, maana hakuna mgongano wa data, yaani thredi mbili kugusa data moja bila ulinzi huku mojawapo ikiandika. Lakini programu inajikokota, pengine kuliko ilivyokuwa na thredi moja.

Prosesa haichukui data baiti mojamoja kutoka kwenye memori. Nyingi za Intel na AMD huchukua baiti 64 kwa mkupuo, yaani mstari mmoja wa kache, memori ndogo ya haraka iliyo karibu na kiini. Vihesabio 8 vya baiti 8 vinaenea humo vyote. Kila thredi ikiongeza moja, kiini chake kinaunyang'anya mstari mzima, na kingine kinaunyang'anya tena, mamilioni ya mara. Usome msimbo mpaka macho yaume, hutaona kosa. perf c2c, amri mojawapo ya perf, ndiyo inayokuonyesha mstari unaogombaniwa. Dawa yake ni fupi: kila thredi ihesabu kwenye kigezo chake cha ndani, jumla ifanywe mwishoni. OpenMP inakufanyia hivyo ukiandika reduction.

Inaniuma kuona wanafunzi wakikaririshwa aina za kufuli muhula mzima bila kufungua kifaa hata kimoja kati ya hivi. Zoezi la kwanza lingekuwa programu hiyo ya vihesabio: waiendeshe kwa thredi 1, 2, 4 na 8, waandike muda wa kila mara, kisha waeleze, kwa ushahidi wa perf, kwa nini haikuongeza kasi.