Kete mezani, kete ndani ya barua pepe

Nyumbani kwetu Himbi, hapa Goma, tulikuwa tukirusha kete ndani ya sinia lililotandikwa kipande cha kitenge, zisije zikaruka na kupotelea chini ya kabati. Tulikuwa watano: mtambaji mmoja, anayeieleza dunia ya mchezo na kuyasemea majitu na majini yake, na wachezaji wanne, kila mmoja na mhusika wake wa kumwigiza; kete ndizo zinazoamua kama anachojaribu kitafaulu. Mwanzoni mwa 2025 vita vilipoingia mjini tulitawanyika. Wawili wako Kampala, mmoja Lubumbashi, na mchezo ukahamia kwenye barua pepe.

Tangu hapo tunabishana. Wengine wanasema barua pepe ni kiraka tu cha kusubiria siku ya kukutana tena. Wengine wanasema tumeuzoea mchezo wa kuandika vizuri kiasi kwamba hakuna haja ya kurudi mezani. Nadhani pande zote mbili zimekosea, ila hazijakosea sawa.

Wanaosema kiraka hudhani meza ndiyo mama na barua ni mtoto. Dungeons & Dragons, mchezo ulioanzisha uigizaji huu wa mezani, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Lakini tangu 1963 wachezaji wa Diplomacy walikuwa wakipelekeana hatua zao kwa posta, na mwaka 1970 Rick Loomis alianzisha Nuclear Destruction, mchezo ulioendeshwa wote kwa barua. Hiyo ilikuwa michezo ya vita na mikataba, haikuwa ya wachawi na mashujaa. Hata hivyo ile tabia ya kungoja bahasha, kulala na wazo siku tatu na kumwamini msimamizi usiyemwona ilikuwepo kabla meza yetu haijapata mazimwi.

Sasa niseme kile ambacho meza inacho na barua haina. Usiku mmoja mwizi wetu, mmoja wa wahusika, alikuwa akivuka daraja la kamba huku linaungua. Alihitaji 17 au zaidi kwenye kete ya pande 20, yaani nafasi 4 kati ya 20. Wote tulisimama. Kete ilizunguka kwenye kitenge, ikagonga ukingo wa sinia, ikalala: 3. Hakuna aliyesema kitu, mpaka mdogo wetu akamwuliza mkubwa wake kwa sauti ya chini, “Yaya, umekufa?” Miezi michache baadaye mpiga mishale wetu naye alianguka, safari hii kwa barua pepe. Mtambaji aliandika kwamba kete imetoka 2, nami nikaisoma nikiwa kwenye foleni ya maji, kama mtu anavyosikia redioni tangazo la msiba wa asiyemjua. Kufa kulikuwa kulekule. Ulikosekana ushahidi wa macho, na mchezo wa bahati bila mashahidi hupoteza nusu ya uzito wake.

Kete zenyewe zilitufundisha mengi. Zamani hatukuwa na ile ya pande 20, tukajumlisha kete tatu za ludo. Ilituchukua muda kugundua kwamba tumeubadilisha mchezo. Kete tatu zina matokeo 216. Jumla ya 10 hutokea mara 27, ya 11 vilevile, lakini 18 ni mara moja tu. Kete ya pande 20 humpa kila upande nafasi ileile, moja kati ya 20. Kwa kete za ludo mashujaa wetu walikuwa watu wa wastani, miujiza haiji. Ndipo tukaandika namba kwenye vifuniko 20 vya soda na kuvitia mfukoni, kwa sharti kwamba kila kinachotolewa kirudishwe kabla ya mwingine kuchota.

Kwenye barua pepe ugomvi ulikuwa: nani anachota? Tulipata njia ninayoipenda. Mchezaji anamtumia mwenzetu asiyehusika na tukio namba yoyote kati ya 1 na 20, mtambaji anamtumia ya kwake, wala hakuna anayeiona namba ya mwenzake. Zinajumlishwa, zikizidi 20, unatoa 20. Mradi mmoja wao amechota namba yake kwa haki, yule mwingine hawezi kuyapindisha matokeo. Ni haki tupu, lakini haizunguki kwenye kitenge.

Polepole ya barua nayo si jambo dogo. Pigano la raundi tano, ambalo mezani huisha kabla chai haijapoa, likipewa siku mbili kwa kila raundi ni siku kumi. Mtu akikosa mega za intaneti wiki nzima, wote wamesimama na panga juu.

Lakini kuna rafiki yetu mmoja, mwenye kuigiza mhunzi, ambaye mezani alikuwa akisema “napiga” na “nakimbia,” basi. Wenye sauti kubwa walimfunika, mimi nikiwa wa kwanza. Barua yake ya kwanza ilikuwa kurasa mbili: mhunzi amekaa nje ya pango, anakuna kutu kwenye nyundo ya marehemu mama yake, anaamua kutoingia. Tulikuwa tumecheza naye mwaka mzima bila kujua kwamba mhunzi ana mama.

Hapo huwa namkumbuka Mwindo, shujaa wa utenzi wa Wanyanga, jirani zetu wa Walikale. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia Mbelgiji, alimsikiliza Candi Rureke akiutamba utenzi huo kwa siku 12. Kwa desturi mtambaji hakuupitia wote mfululizo; alichagua vipande, watu wakiitikia, wakiimba na kumtunza. Matini aliyoitoa Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969 ilitupa Mwindo mzima, bila waitikiaji. Ndivyo ilivyo kwetu. Za mezani nakumbuka vipande: daraja, mbuzi anayesema, ile 3. Barua zetu nikizisoma tangu ya kwanza, ni hadithi nzima.

Hasara iliyoniuma zaidi ilikuwa ya lugha. Mezani jitu la mlimani lilisema kama watu wa hapa: “Mutoto, unaenda wapi na ile moto?” Tulipohamia kwenye barua, wote tuliandika Kifaransa bila kukubaliana, kwa kuwa ndicho tulichoandikia insha shuleni. Jitu likawa kama mwalimu wa sekondari. Tukaweka sharti: mtambaji aandike apendavyo, ila kila anayefungua kinywa ndani ya hadithi aseme Kiswahili cha kwao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kundi lianzie mezani, lizoeane sauti, ndipo liandikiane, na mapigano makubwa yangoje watu wakutane. Mwenye mhunzi hakubali. Anasema yeye angeanza kwa barua, na kwamba mwaka ule wa mezani tuliupoteza. Sijapata jibu la kumpa. Mfuko wa vifuniko bado uko kwangu, vyote 20. Namba 7 imeanza kufutika, jana nimeiandika upya.