Baltimore na Damu Isiyopelelezwa

Katika mazungumzo ya Waafrika Mashariki waishio Marekani kuna kauli inayorudiwa kwa wepesi mno, hasa mgeni anapotafuta nyumba ya kupanga: kaa mbali na mitaa ya Weusi, wale wanauana wenyewe kwa wenyewe. Anayeitoa naye ni mweusi, na mara nyingi huitoa kwa nia njema. Takwimu nazo zinaonekana kumuunga mkono, kwa kuwa Wamarekani Weusi hawafiki asilimia 15 ya wananchi wote, ilhali katika miaka ya karibuni wamekuwa nusu au zaidi ya watu wanaouawa. Lakini kuuana wenyewe kwa wenyewe si sifa ya Weusi peke yao. Takwimu za FBI za mwaka 2019 zinaonyesha kwamba Wazungu wanane hivi kati ya kila kumi waliouawa, katika kesi ambazo muuaji alijulikana, waliuawa na Wazungu wenzao, maana muuaji kwa kawaida hutoka karibu na anayeuawa. Swali la haki ni kwa nini mauaji yamekuwa mengi zaidi upande mmoja, na jibu lake linaonekana wazi katika Baltimore, mji wa jimbo la Maryland, mashariki mwa Marekani.

Mwaka 1910 Baltimore ilipitisha sheria iliyomkataza Mweusi kuhamia kwenye mtaa wenye Wazungu wengi, na Mzungu kuhamia kwenye mtaa wenye Weusi wengi. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria za namna hiyo kupitia kesi iliyotoka mji wa Louisville, lakini ubaguzi ukahamia kwenye hati za nyumba, zilizowekewa sharti la kutomuuzia Mweusi. Katika miaka ya 1930, ramani zilizochorwa kwa ajili ya mikopo ya nyumba ya serikali kuu ziliipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, kuwaonya wakopeshaji kwamba fedha zao zingepotea huko. Asiyekopesheka hakarabati nyumba wala hawaachii watoto urithi. Na viwanda vilipofungwa, mitaa hiyo ndiyo iliyobaki na magofu na vijana wasio na kazi.

Historia hiyo imeandikwa sana. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha, na ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha tatizo, ni kwamba serikali imekuwa ikiwaandama wakazi wa mitaa hiyo kwa makosa madogo huku ikishindwa kuwalinda dhidi ya kosa kubwa kuliko yote. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya mwaka 2016 ilieleza kwamba asilimia 44 ya matukio ya polisi wa Baltimore kusimamisha watembea kwa miguu yalifanyika katika wilaya mbili ndogo za polisi, zenye Weusi wengi, ambazo zilikuwa na asilimia 11 tu ya wakazi wa mji. Mwaka mmoja kabla ya ripoti hiyo waliuawa watu zaidi ya 340, na kesi nyingi hazikupata mshtakiwa. Mwaka 2017 askari wa kikosi maalumu kilichopewa kazi ya kusaka silaha walikamatwa kwa kuwaibia raia, na kesi nyingi walizozijenga zikaporomoka. Kijana aliyemzika kaka yake katika mji wa namna hiyo, huku akimfahamu muuaji na kumwona akipita kila siku, atamwendea nani? Shahidi hasemi kwa sababu hakuna wa kumlinda, jalada linafungwa kwa kukosa shahidi, na kisasi kinachukua nafasi ya mahakama. Jamii ya rangi yoyote ikiwekwa katika hali hiyo itazika watu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka askari wengi zaidi bila kuuliza watafanya nini, wala na wanaodhani polisi wakiondolewa amani itakuja yenyewe. Tangu mwaka 2022 Baltimore imejaribu njia nyingine, ikianzia wilaya ya polisi ya magharibi. Watu wachache walio katika hatari kubwa ya kuua au kuuawa hutambuliwa, hupelekewa barua ya meya na kuahidiwa msaada wa kazi, matibabu au hata kuhamishwa. Anayeendelea kupiga watu risasi hufuatiliwa na polisi na waendesha mashtaka. Mwaka 2024 mauaji yalishuka hadi takriban 200, na kesi zilizotatuliwa ziliongezeka. Sidai kwamba mpango huo peke yake ndio ulioleta nafuu, kwa kuwa mauaji yalipungua katika miji mingi ya Marekani kipindi hicho. Huko Philadelphia, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kusafisha viwanja vilivyotelekezwa na kupanda nyasi na miti kulipunguza matukio ya risasi kwa asilimia 29 katika mitaa maskini. Hiyo ni kazi ya fyekeo na toroli, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya gereza.

Kazi hizi zimeendeshwa kwa fedha za muda. Aprili 2025 serikali kuu ilifuta ruzuku za mamia ya mamilioni ya dola, zikiwemo za mashirika ya mitaani yanayopatanisha vijana kabla hawajapigana risasi. Miji haina budi kuingiza mishahara ya wapatanishi hao katika bajeti yake ya kila mwaka, kama ya wazimamoto, na kuwataka polisi watangaze kila mwaka, mtaa kwa mtaa, ni mauaji mangapi waliyoyatatua.