Tusi la nguoni na mama asiyekuwepo

Ronald Ngala Street, saa kumi na mbili jioni. Mtu wa boda anajipenyeza kati ya matatu mbili na kugonga kioo cha nganya moja. Makanga, akining'inia mlangoni, anamfungulia mdomo: mbwa wewe, ghasia! Boda anacheka tu. Ndipo linapotoka tusi la nguoni lenyewe, lile linaloanza na sehemu ya siri ya mwanamke na kuishia na "nyoko". Boda anazima pikipiki, anashuka.

Tusi hilo lina nini ambacho "mbwa" haina?

Mpwa wangu, aliye chuoni, anasema halina kitu. Kwake ni honi tu. Ana hoja, sikatai. Maneno yale yameshikamana hadi "ya" ya katikati ikamezwa, na anayeyatamka hana mwili wa mtu yeyote akilini. Marafiki waliopoteana mwezi mzima husalimiana nalo huku wakikumbatiana. Tena wengi hawajui nyoko ni nini. Wapo wanaodhani ana undugu na nyoka.

Nyoko ni mama yako. Kiswahili cha kale kilikuwa na nina, mama, na nyoko, mama yako wewe unayeambiwa. Gĩkũyũ bado kinatenganisha: maitũ ni mama yangu, nyukwa mama yako, nyina mama yake. Kizulu kina unyoko, nalo limeharibika kama letu. Hata tusi lao zito limeundwa vivyo hivyo, kiungo kisha mama. Kwetu neno limetoweka kwenye maongezi na kubaki ndani ya tusi peke yake. Naona "mamako" linafuata njia hiyo hiyo: ukiuliza habari za mzazi wa mtu Nairobi, ni salama zaidi kutamka "mama yako" kwa utaratibu.

Wanaoshikilia maana halisi husema uchafu ni uchafu. Hapo nawapinga kidogo. Mwai Kibaki, rais wetu hadi 2013, alikuwa na "mavi ya kuku" yake, hadharani, na watu walivunjika mbavu. Kinyesi kimetajwa waziwazi, hakuna aliyeshuka kwenye pikipiki. Kwa hiyo kinachouma si kutaja kisichotajwa. Nadhani nusu ya kwanza ya tusi imekufa kweli, kama asemavyo mpwa wangu. Nusu ya pili iko hai, maana inamvuta kwenye ugomvi mtu ambaye hata hayupo barabarani.

Sheria yenyewe haijishughulishi na maana. Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu kinatazama kama maneno ya matusi mbele ya watu yanaweza kuvunja amani. Adhabu hufika miezi 6 jela. Hapo hoja ya honi haimwokoi makanga, kwa sababu boda ameshashuka.

Jumapili mpwa wangu alikuwa mezani, simu imelala kando ya sahani. Ujumbe ukaingia: herufi nne, kmmk, kifupi cha tusi la aina ile ile, na vikatuni vya kucheka. Dada yangu akauliza hiyo ni nini.

"Ni jina la grupu, mum," akasema, akaigeuza simu kifudifudi.