Ratiba ipo, darasa limekufa

Ukiwa Malindi ni rahisi kudhani kwamba Uingereza, kwenye chimbuko la Umethodisti, makanisa yanafurika. Thubutu! Katika miji midogo ya huku Uingereza niliko utakuta jengo kubwa la matofali la karne ya 19, na Jumapili ndani yake wazee wachache wameketi mbalimbali.

Walichokishika vizuri Wamethodisti wa huku ni ratiba ya wahubiri. Kila miezi mitatu sakiti, yaani kundi la makanisa jirani, hutoa karatasi yenye majina ya makanisa upande mmoja, tarehe za Jumapili juu, na kila kisanduku kina jina la mhubiri. Mchungaji mmoja hubeba makanisa kadhaa, kwa hiyo visanduku vingi ni vya wahubiri walei, wasio wachungaji: mwalimu mstaafu, muuguzi, fundi wa mifereji. Hilo tungeliiga bila kuona haya.

Lakini kilichowajenga wamekiacha. Mwaka 1742, kule Bristol, jumba lao la mikutano lilikuwa na deni. Wakakata shauri kila mmoja atoe peni moja kwa wiki, wakagawanywa kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wa kukusanya. Asiyekuwa nayo, kiongozi humtilia. Mchango wa mtaani huo, hauna tofauti! Basi kupita mlango kwa mlango kukawaonyesha viongozi nani mgonjwa, nani amerudia ulevi, nyumba gani hawasemezani. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, akaona hilo lina faida kuliko peni zenyewe, na kundi hilo, lililoitwa darasa, likawa uti wa mgongo wa Umethodisti. Huku leo, mara nyingi limebaki orodha ya majina.

Pwani yetu Wamethodisti waliingia 1862, mmisionari Mjerumani Krapf akiwaongoza, na mwenzake Thomas Wakefield akajenga kituo Ribe, karibu na Mombasa. Shabaha yao ilikuwa Waorma wa Tana, ndiyo maana Golbanti, karibu na Garsen, ikawa na kituo kabla ya miji mingi. Hapo ndipo mmisionari John Houghton na mkewe walipouawa mwaka 1886. Kazi hiyo haikuanza na jengo zuri.

Malindi darasa lina sababu ya ziada: mpishi na mhudumu wa hoteli Jumapili wako kazini. Darasa la Jumanne jioni, watu kumi, ndilo kanisa lao. Anayesubiri wafike ibadani atawahesabu waliopotea, kumbe wako zamu.

Na pesa za kukarabati jengo la kanisa? Tusirudie kosa la huku la kuziba kuta kuukuu kwa saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe una chumvi na unyevu. Saruji huuziba, chumvi husukuma kutoka ndani, na plasta hutoa sauti ya kitu kitupu ukiigonga kabla haijabanduka vipande vipande. Tumieni chokaa, fungu moja kwa matatu ya mchanga, usiwe wa ufuoni. Lowesheni ukuta kwanza, mpake tabaka jembamba jembamba, na mfunike kwa magunia mabichi siku kadhaa, maana likikauka upesi kwa jua letu linapasuka. Mafundi wazee wa Lamu wanaijua kazi hii. Waulizeni wao kabla ya kununua mfuko hata mmoja wa saruji.