Miwani ya kinga na ukungu wake
Hii miwani ya kinga inakera jamani! Unafyeka nyasi kwa mashine, vijiwe vinaruka, ghafla vioo vyote vyeupe, huoni hata unapokanyaga. Ukiivua uifute, jicho liko wazi. Barakoa ndiyo huzidisha: pumzi ya moto yenye unyevu inapanda kupitia uwazi wa kando ya pua, inagusa kioo cha baridi, inageuka matone. Ubane vizuri ule waya wa barakoa unaokaa juu ya pua. Tone la sabuni ya maji, ulipakaze kwa kidole kisha ufute kwa kitambaa laini, husaidia kwa muda. Lakini kwa nini tununuliwe miwani iliyozibwa pande zote? Hiyo wapewe wanaoshika kemikali. Sisi wa nyasi tunataka yenye matundu ya hewa pembeni.